Muziki wa Mitambo Utokanao na Vyombo vya Nyuzi

Neno santuri limesafiri mbali. Kwa Waajemi na Waarabu santuri ni chombo cha muziki chenye nyuzi nyingi zilizotandwa juu ya kisanduku cha mbao, nacho hupigwa kwa vijiti viwili vyembamba. Lilipoingia katika Kiswahili, neno hilo halikukaa na chombo chenyewe. Lilihamia kwenye mashine ya kuimba, na mwisho likawa jina la ile sahani nyeusi izungukayo chini ya sindano. Hivyo katika Kiswahili jina la nyuzi limekuwa jina la sauti iliyonaswa. Muziki unaoelezwa katika makala haya umefuata njia hiyo hiyo: huanzia kwenye uzi uliokazwa juu ya ubao, na huishia mahali ambapo uzi hauonekani tena, na pengine hata hausikiki.

Watu wengi hukosea hapa tangu mwanzo. Mpiga gita wa dansi aliyeunganisha gita lake na umeme hafanyi muziki wa namna hii; umeme kwake ni wa kukuza sauti tu, na wimbo ni ule ule aupigao kwa vidole. Mtungaji wa muziki wa mitambo hafanyi kazi na nyimbo, bali na sauti zilizokwisha kunaswa. Huchukua sauti moja, aghalabu isiyozidi sekunde mbili, akaikata, akaigeuza nyuma mbele, akairefusha, akaipandisha au kuishusha, akairudia mara nyingi, akaipanga juu ya nyingine. Amalizapo, hana noti za kumpa mpigaji yeyote. Kazi yake imo ndani ya ukanda au ndani ya kompyuta, nayo husikika kwa vipaza sauti peke yake.

Mara nyingi mwanzo wa sanaa hii huhesabiwa tangu mwaka 1948 huko Paris, ambako Pierre Schaeffer, mhandisi wa redio ya Ufaransa, alitunga vipande vitano kwa kelele za treni, masufuria, piano na vitu vingine. Redio ilivitangaza tarehe 5 Oktoba mwaka huo. Walakini miaka minne kabla yake, mwaka 1944, Mmisri Halim El-Dabh alikwisha kuazima huko Cairo mashine inasayo sauti katika waya wa chuma, akaenda kuinasa zar, ngoma ya kupunga pepo ambayo kwa watu wa pwani ya Afrika Mashariki si jambo geni. Aliporudi studio alizipunguza sauti za chini za waimbaji, akaziacha zile nyembamba za juu zikielea, akaziongezea mwangwi. Yafaa kazi hiyo itajwe kila itajwapo ile ya Paris, maana si haki Afrika ihesabiwe kuwa ilitoa tu sauti za kukatwa na watu wengine.

Mambo makubwa mawili aliyogundua Schaeffer yalitokana na sahani za santuri. La kwanza ni kitanzi. Mfereji wa sahani ukijifunga, badala ya kuendelea kuelekea katikati, sindano huzunguka pale pale, na sauti ile ile hurudi bila kikomo. Kwa kawaida hilo ni kosa la sahani mbovu. Yeye alilifanya kwa makusudi. La pili ni kengele. Siku moja alinasa mlio wa kengele huku maikrofoni imefungwa, akaifungua mara tu baada ya pigo, hata pigo lenyewe lisiingie. Kilichobaki hakikuwa kengele tena. Kilisikika kama chombo cha kupuliza, nacho kilikuwa shaba ile ile iliyopigwa kwa chuma.

Kwa vyombo vya nyuzi, jambo hili la pili ndilo kubwa zaidi, na ni vyema litolewe mfano wa karibu. Msasani inayokusudiwa hapa si ile ya ufuoni Dar es Salaam, bali ni kata ya wilaya ya Rungwe, upande wa Tukuyu, katika nchi ya Wanyakyusa. Chombo cha nyuzi kwa Kinyakyusa huitwa ipango. Majirani nao wana vyao. Wahehe wana ligombo, ambalo ni mti uliochongwa mfano wa mtumbwi mwembamba, na juu yake hupitishwa uzi mmoja mrefu uendao na kurudi katika pengo za ncha zote mbili, kisha kibuyu huwekwa ili kuikuza sauti. Ng'ambo ya mpaka, katika Malawi, kuna bangwe la ubao bapa, ambalo mpigaji hulitia ndani ya debe au kibuyu. Na huku na huko vijana hujitengenezea magitaa ya makopo na mbao, yenye nyuzi zilizofumuliwa katika waya za breki za baiskeli.

Na uchukuliwe uzi mmoja wa chombo cha namna hii, uliokazwa hata utetemeke mara 220 kwa sekunde. Ukivutwa kwa kidole na kuachiwa, hautoi sauti moja. Uzi mzima hutetemeka mara 220. Wakati huo huo nusu zake hutetemeka mara 440, thuluthi zake 660, robo zake 880, na kuendelea hivyo. Sauti tanzu hizi zote husikika kama sauti moja, lakini wingi wa kila mojawapo ndio utofautishao waya na utumbo wa mnyama, na kibuyu na debe. Hata mahali pa kuvutia uzi pana maana. Ukivutwa katikati barabara, zile tanzu za 440 na 880 hazipatikani, na sauti huwa tupu, kama ya kuita ndani ya mtungi. Ukivutwa karibu na ncha, tanzu za juu huzidi, na sauti huwa kali. Wapigaji hodari wanajua jambo hili kwa mkono, ijapokuwa hawakuhesabu hata siku moja.

Tena sauti hiyo ina sehemu mbili zisizofanana. Ya kwanza ni mwanzo wake, usiofika hata sehemu moja ya kumi ya sekunde. Humo mna mkwaruzo wa ukucha, na mshtuko wa uzi uachiwapo, na kishindo kidogo cha ubao. Ya pili ni mkia, ambao hudumu sekunde moja au mbili, tanzu za juu zikifa upesi na zile za chini zikichelewa. Sikio hutambua chombo zaidi kwa ule mwanzo kuliko kwa mkia. Mtu wa Msasani asikiapo ipango kwa mbali, kinachomwambia kuwa hii ni ipango, na tena ni ya fulani na si ya fulani, kiko katika kile kipande kifupi ambacho hata hakimpi nafasi ya kupepesa jicho.

Sasa kikatwe. Katika kanda za redio za zamani, zilizokwenda sentimita 38 kwa sekunde, sehemu moja ya kumi ya sekunde ilikuwa na urefu wa sentimita 3.8, yaani karibu upana wa vidole viwili. Fundi aliusogeza ukanda kwa mkono mbele na nyuma hata akasikia mahali pigo lilipo, akapatia alama kwa penseli, akakata kwa wembe, akaunganisha kwa gundi. Akiukata ukanda kwa mshazari, sauti iliingia polepole. Akiukata wima, iliingia kwa ghafula. Kipande cha vidole viwili kikianguka sakafuni, ipango imekwenda nacho. Kilichosalia ni sauti laini iliyo kama ya kinanda cha kanisani kilicho mbali, na hapana mtu atakayeuliza nani ameipiga.

Ukanda ukigeuzwa nyuma mbele, mkia hutangulia: sauti huvimba kutoka katika kimya, ikakua, kisha ikakatika kwa pigo. Ukiendeshwa kwa nusu ya mwendo, 220 huwa 110, sekunde mbili huwa nne, na mkwaruzo wa ukucha, ambao mtu hakuutambua, husikika kama mlango mzito ukiburutwa. Mtungaji aweza pia kuchukua mwanzo wa uzi mmoja na kuuunga kwenye mkia wa mwingine, au kwenye mkia wa ngoma. Huko ndiko kuliko na starehe nyingi ya kazi hii, na pia upuuzi mwingi. Kwa kuwa kila kitu huwezekana, wako watungaji ambao huonyesha tu kwamba kimewezekana.

Kompyuta haikubadilisha misingi hii, bali iliondoa wembe na gundi. Sauti hupimwa mara 44,100 kwa kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kama tarakimu. Kukata ni kuchagua tarakimu za kuanzia na za kuishia. Kuna programu zitolewazo bure, kama Audacity iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2000, ambazo huweza kufanya yote yaliyotajwa hapo juu katika kompyuta ya bei ndogo. Jambo moja jipya ni kwamba urefu wa sauti na kimo chake vyaweza kutenganishwa. Zamani aliyeirefusha sauti alilazimika kuishusha pia. Sasa sauti hupasuliwa kuwa chembe ndogo ndogo, kila moja ya sehemu chache za mia za sekunde, kisha chembe hizo husambazwa na kurudiwa hata sekunde moja ikawa dakika nzima, bila kimo kuguswa. Iannis Xenakis, Mgiriki aliyekaa Ufaransa, alijaribu wazo la chembe mwaka 1958 na 1959 katika kazi yake Analogique, ambayo upande mmoja ni wa wapigaji tisa wa vyombo vya nyuzi na upande wa pili ni wa ukanda. Wakati huo kazi ya kuzipanga chembe kwa mkono ilikuwa ya kuchosha kupita kiasi.

Lingine lafaa kutajwa, kwa sababu huwashangaza hata mafundi. Mwaka 1983 Kevin Karplus na Alex Strong wa Marekani walieleza njia ya kupata sauti ya uzi uliovutwa bila kuwa na uzi wowote. Huchukuliwa kelele tupu, tarakimu zisizo na mpango, kiasi cha 200 hivi ikitakiwa sauti ya mitetemo 220. Tarakimu hizo huzungushwa katika kitanzi, na kila mzunguko kila tarakimu huchanganywa na jirani yake kwa kuchukua wastani wa zote mbili. Kelele hulainika, ukali hufa kwanza, na mwishowe hubaki mlio wa chini unaozimika, sawasawa na mkia wa uzi. Kumbe uzi wenyewe hufanya hivyo hivyo: vurugu ya kidole huenda na kurudi kati ya ncha mbili, na kila safari hupoteza ukali wake kidogo. Mtungaji atumiaye rekodi ya ipango aweza basi kuuchukua mwanzo wake wa kweli, ule wa ukucha na ubao, na kuutia katika kitanzi hicho mahali pa kelele. Hapo mambo hupinduka: mkia ni wa mashine, lakini mwanzo ni wa mpigaji, na sikio humtambua.

Walakini hakuna ujanja wa kompyuta uwezao kusahihisha kunasa kubaya, na Rungwe si mahali pepesi pa kunasia. Nchi ya Tukuyu ni miongoni mwa sehemu zipatazo mvua nyingi mno katika Tanzania, na katika sehemu nyingine za wilaya hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Nyumba zina bati. Mvua ya masika juu ya bati hutoa kelele za kila kimo kwa wakati mmoja, na kelele ya namna hiyo haiwezi kutenganishwa na uzi bila kuujeruhi. Mwenye busara husubiri miezi ya Juni hata Septemba, hunasa mchana, maana usiku wadudu huimba, na huiweka maikrofoni karibu na ubao, si zaidi ya shubiri mbili, huku akiwa amefunika kuta kwa mablanketi. Tena humwomba mpigaji avute uzi mmoja mmoja, aache kila sauti ife yenyewe, kabla hajapiga wimbo wowote. Kwa mpigaji kazi hiyo ni ya ajabu, hata ya kuudhi. Ni kama kumwambia mshairi atamke silabi tu. Yapasa aelezwe sababu.

Wimbo ukawekwe nao pia, mzima, kwani baada ya miaka mingi wimbo mzima ndio utakaotafutwa. Hugh Tracey, aliyezunguka Tanganyika mwaka 1950 na mashine zake, na ambaye mwaka 1954 alianzisha huko Afrika ya Kusini maktaba ya kimataifa ya muziki wa Kiafrika, hakukusudia hata kidogo kuwapa watungaji wa mitambo sauti za kukata. Lakini ndivyo ilivyokuwa baadaye. Mwaka 2016 ilitolewa sahani ya nyimbo za dansi la mitambo zilizojengwa juu ya rekodi zake za Malawi, kwa jina la Beating Heart. Maktaba yake sasa imo katika Chuo Kikuu cha Rhodes, nayo imejitahidi kuzirudisha nakala za sauti kwa wenyewe: rekodi ya wimbo uitwao Chemirocha, aliyoinasa mwaka 1950 katika nchi ya Wakipsigis wa Kenya, ukiimbwa kwa zeze lao la chepkong, ilirudishwa huko baada ya zaidi ya miaka 60.

Katika Tanzania kazi ijulikanayo zaidi iliyokutanisha nyuzi za kienyeji na mitambo ni ile ya Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyefundisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo na kufariki mwaka 2003. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 yeye na Mkanada Michael Brook walitoa sahani iitwayo Assembly. Zeze la Kigogo ni la kukwaruzwa kwa upinde, kwa hiyo sauti yake haifi kama ya uzi uliovutwa. Na Brook ndiye yule aliyetengeneza gita ambalo sumaku za umeme huusukuma uzi wake usinyamaze kamwe. Walikutana watu wawili ambao kila mmoja, kwa njia yake, alikuwa ameukataa ule mkia. Yafaa isemwe kwamba sahani hiyo iko mpakani tu mwa sanaa inayoelezwa hapa, kwa kuwa sauti ya Zawose haikukatwa ikapotea. Imezungukwa na mitambo, nayo yenyewe imebaki mbele. Mwanawe Msafiri Zawose aliendeleza njia hiyo katika Uhamiaji, iliyotolewa mwaka 2017. Huko Uganda, ennanga, kinubi cha Baganda, ilisikika pamoja na mitambo katika sahani ya Ennanga Vision ya mwaka 2016. Na katika Nairobi shirika liitwalo Santuri, ambalo jina lake halihitaji tena maelezo, lilifungua mwaka 2021 mafunzo ya muziki wa mitambo, hivi kwamba kijana wa Afrika Mashariki aweza kuishika kazi hii kwa mikono yake mwenyewe, asingoje mgeni aje na mashine.

Lipo swali ambalo fundi hawezi kulikwepa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 huwalinda wapigaji na hulinda pia sanaa za jadi za jamii. Lakini madai huanza pale mtu asikiapo na kusema: hii ni yangu. Sauti iliyokatwa mwanzo wake haimpi nafasi hiyo. Mpigaji wa Msasani aweza kukaa kando ya redio, asikilize dakika kumi zilizotengenezwa kwa vidole vyake tu, asijue kuwa ndiye. Kwa hiyo kadiri mtungaji anavyozidi kuwa hodari wa kugeuza, ndivyo mwenye sauti anavyozidi kukosa ushahidi, wala hapana hila yoyote ndani yake. Ni tabia ya kazi yenyewe. Wengine hujibu kwamba sauti moja ya uzi si wimbo, na kwamba hapana amilikiye mlio. Jibu hilo lingefaa kama uzi ungelikazwa na mashine. Kumbe umekazwa na mtu aliyechagua ubao, akautoboa, akausikiliza, akaulegeza tena, na huenda alijifunza kipimo hicho kwa baba yake.

Kwa sababu hii baadhi ya watungaji hushika desturi ya kuuacha uzi angalau mara moja ukiwa mzima katika kila kazi, bila kuukata, mwanzoni au mahali popote, ili ajuaye ajue. Ni desturi njema, ingawa haitoshi. Karatasi iendayo na rekodi yapasa iandikwe siku ile ile ya kunasa: jina la mpigaji na la aliyemfundisha, jina la chombo kwa Kinyakyusa na si kwa Kiswahili peke yake, nyuzi ni za nini na zimekazwa vipi, mahali, tarehe, saa, na kama mvua ilikuwa ikinyesha. Iandikwe pia ni kitu gani mpigaji ameruhusu kifanywe na sauti yake, na malipo yaliyokubaliwa. Na kabla mtungaji hajaondoka Msasani, amwachie mpigaji nakala ya sauti zote katika simu yake au ya mtoto wake, pamoja na zile za uzi mmoja mmoja, zikiwa bado hazijaguswa.